Mkufunzi wa Chuma Kinachogeuka Ubavu

Mimi ni mtu ambaye hakuna jambo linaloweza kunishangaza. Niliacha shule darasa la nne, nikaingia Mwanza na shati moja, na kabla sijatimiza miaka thelathini nilikuwa na karakana yangu Igogo, mashine mbili za kukereza, pikapu, na wafanyakazi saba waliokuwa wakisimama nikiingia. Nimeibiwa na shemeji, nimetapeliwa na mchungaji, nimeuziwa injini ya boti iliyojaa mchanga na mtu aliyeapa kwa kaburi la mama yake, na huyo mama nikamkuta kesho yake sokoni Kirumba akiuza dagaa. Sikushangaa, nilinunua dagaa nikaenda zangu. Aliyeweza kunishangaza ni mmoja tu, mzee wa Kihaya tuliyemwita Mkufunzi, na alinifanyia mchana kweupe, mbele ya watu, akiwa ametoka kunywa chai yangu.

Jina lake nalijua, silisemi. Hata mshahara alisaini "Mkufunzi".

Alikuwa amefundisha ukerezaji kwenye karakana ya umma kwa miaka mingi. Zilipokuja enzi za ruksa, kila kitu kikawa kinauzwa, karakana ile nayo ikauzwa, mashine zikapata wenyewe wapya na yeye akapata barua ya kupunguzwa. Nilianza kumwona akisimama nje ya uzio wangu asubuhi, mkono nyuma, koti jeupe limepigwa pasi. Siku ya tatu nikamfuata.

"Shikamoo mzee. Kuna mtu unamtafuta?"

"Marahaba. Kisu cha mashine yako ya pili kimekuwa butu tangu juzi," akasema. "Nimevumilia nimeshindwa."

Alikuwa amesikia kutoka barabarani. Nikaenda kukitazama kile kisu, kweli butu. Nikamwajiri hapo hapo, maana mimi sikusoma lakini mtu nikimwona namjua. Alitoa masharti matatu: kiti chenye mgongo, chai isiyo na sukari saa nne kamili, na mtu yeyote asimwite fundi. "Fundi anajua namna," alisema. "Mimi najua kwa nini." Vijana wangu walicheka wiki nzima, kisha wakaacha, kwa sababu ukimuuliza kwa nini alikuwa anakwambia kweli, hata kama ingekula saa yako ya chakula.

Lile koti jeupe lilikuwa maajabu ya karakana. Kwetu hata paka alikuwa mweusi kwa grisi. Yeye aliingia mweupe akatoka mweupe, na kazi amefanya. Nilimchunguza nikagundua siri yake: hakuwahi kushika kitu kabla ya kuamua atakishika wapi. Mkono wake ulikuwa unasubiri kwanza, halafu unakwenda moja kwa moja. Hata kikombe. Hata kumpa mtu mkono. Ulikuwa unabaki na mkono wako hewani kama ombaomba, yeye anafikiri.

Bahili hakuwa, lakini pesa hakuijua kabisa. Mtu aliyeweza kukwambia kwa kidole kwamba chuma kimezidi unene wa unywele, akitumwa kununua msasa anarudi na chenji pungufu na hajui imepungulia wapi. Minofu ya sangara aliichukia, akasema ni chakula cha wagonjwa; alinunua mapanki, mifupa inayobaki viwandani, kama maskini wengine, akakaa kwenye kiti chake cha mgongo akifyonza mfupa wa samaki kwa adabu kubwa kama mtu anayesoma barua. Jumapili alikuwa Mlutheri wa benchi la mbele. Jumatatu, nyundo ikimponyoka, alitukana kwa lugha ya huko ughaibuni alikopelekwa kusoma zamani, nchi ya theluji, akidhani hatuelewi. Matusi hayahitaji mkalimani.

Tulitaniana sana. Nilikuwa namwambia, "Mkufunzi, nyie Wahaya hata chafya mnapiga kwa Kiingereza."

"Na nyie Wasukuma," anajibu bila kunitazama, "mkihesabu ng'ombe mnafika mia mbili. Mkihesabu dakika mnaishia tano."

Aliniita Tajiri. Wengine waliniita Bosi, na nililipenda hilo, lakini Tajiri ya kwake ilikuwa na chumvi kidogo. Nilimwachia.

Kuna jambo moja juu yake ambalo nililijua peke yangu. Karibu mwaka mzima baada ya kupunguzwa, mkewe hakuambiwa. Kila asubuhi mzee alivaa koti, akaaga kwamba anakwenda kwenye karakana ya umma, akaja kwangu. Mshahara wangu akampelekea kama wa serikali. Mtu yule aliyekataa hata kuandika nusu milimita ya uongo kwenye daftari aliishi ndani ya uongo ule ametulia kabisa, anakunywa chai. Siku moja mama akapita kwangu kuulizia kama nimemwona mumewe, eti kule karakana ya zamani kumefungwa. Mzee alikuwa chooni. Nikamwambia mama, "Wamehamishia kazi hapa kwa muda, serikali na sisi tunashirikiana." Mama akashukuru akaondoka. Mkufunzi alitoka, alikuwa amesikia yote, akaketi. Baadaye sana akasema, "Hilo sitalisahau, Tajiri." Nililiweka neno hilo moyoni kama mtu anavyoweka hati ya kiwanja.

Sasa nije kwenye chuma.

Miaka ile ndege kubwa za mizigo zilikuwa zinatua Mwanza kubeba minofu kupeleka Ulaya. Moja, kuukuu, ilikuwa imelala kando ya uwanja siku nyingi mpaka ikakatwakatwa ikauzwa chuma chakavu. Nilinunua rundo la nondo nene zilizotoka miguuni mwake. Zilikuwa nyepesi ajabu. Unanyanyua umejiandaa kwa uzito, unajikuta umejipiga kidevuni. Nikadhani aluminiamu. Mkufunzi akaigusisha moja kwenye jiwe la kunolea, cheche zikaruka nyeupe, nyeupe kama za fataki. Akazima mashine. Akavaa miwani, akasoma yale maandishi yaliyogongwa kwenye nondo, herufi ambazo mimi nilidhani zimegeuzwa kwa makosa, kumbe ni za kule alikosoma.

"Hii ni titani," akasema. "Imechanganywa na vitu vingine. Nani kakuuzia?"

"Mjinga mmoja."

"Basi leo wajinga ni wawili, kama utaiuza kwa kilo."

Chuma hicho hakipati kutu. Ukiache ziwani mwaka mzima, ukitoe, ukifute na shati. Lakini si hilo lililomfurahisha. Alifunga nondo moja kwenye jiliwa kubwa, ncha ya pili akaifunga kwa cheni na winchi, akatuita wote. Tukavuta. Ikavumilia, ikavumilia, kisha ghafla ikalegea, laini, kama mtu aliyekubali ombi. Vijana wakapiga makofi wakidhani imeshindwa. "Endeleeni," akasema. Tukaendelea, na ile nondo ikagoma. Ikawa ngumu kuliko mwanzo. Watu wanne kwenye winchi, hatuisogezi.

Mhunzi wangu, mtu wa Geita mwenye mikono kama majembe, akasema, "Hiki chuma kina jini."

"Kina foleni," Mkufunzi akajibu. "Mnakumbuka foleni ya sukari? Watu wamejipanga, kifua mbele, kuna nafasi kati yao. Ukiwasukuma kutoka nyuma hawaanguki. Wanageuka ubavu, wote kwa pamoja, safu nzima. Hapo ndipo mliposikia imelegea. Lakini wakishageuka ubavu wamebanana. Sukuma sasa uone."

Akatwambia ndani ya chuma kuna mpangilio, na kwamba chuma hiki kimeumbwa na mipangilio miwili, na nguvu ndiyo inayokihamisha kutoka mmoja kwenda mwingine. Kwa hiyo kinatakiwa kifanyiwe kazi kikiwa baridi, kivutwe mara moja mpaka kigeuke, ndipo kitengenezwe kitu. "Na moto?" mhunzi akauliza, kwa sababu mhunzi bila moto ni mwimbaji bila mdomo.

"Moto hapana. Hasa moto mdogo. Huo wa kuchemsha taratibu ndio mbaya. Unaotesha vijiwe miguuni mwao, vidogo sana. Wanasimama pale pale, hawawezi tena kugeuka. Ukisukuma wanavunjika."

Mimi nilielewa. Sikusoma, lakini nilielewa, na nawaambia wazi kwa sababu wapo waliosema baadaye kwamba sikuelewa.

Tukatengeneza pini mbili za majaribio kwa kiwanda kimoja cha minofu. Walikuwa na winchi ya kunyanyua boti za kukusanyia samaki, boti inaning'inia, watu wanaingia chini yake kukwangua na kuziba. Pini za chuma cha kawaida zilikuwa zinaliwa na maji na dawa za kuoshea samaki. Zetu zikakaa miezi sita, zinang'aa. Injinia wa kiwanda akanipigia simu mwenyewe: anataka arobaini, Jumamosi ya wiki ya pili, na kama zitakuwa kama zile, kazi zote za kiwanda ni zangu.

Arobaini! Nilichinja mbuzi kabla sijakata nondo ya kwanza.

Tatizo, nondo zilizobaki zilikuwa zimepinda, na titani ukiinyoosha baridi inarudi. Unaipinda kupita kiasi, inarudi kidogo, unaipinda tena. Kwa njia ya Mkufunzi nondo moja ilikula nusu siku. Nikahesabu siku nikaona hazitoshi. Jumatano Mkufunzi hakuja, alikuwa na mazishi Bukoba. Nikamwambia mhunzi awashe makaa.

Alizifanya kwa upendo, huyo mhunzi, na hapo ndipo ubaya wote ulipo. Hakuzichoma mpaka ziwe nyekundu; alizipasha tu, zikanyooka kama mihogo. Na ili zisipate mshtuko, akafanya wanavyofanya wahunzi wa kwetu wanapolipenda jembe: akazifukia zote kwenye majivu ya moto, zipoe taratibu mpaka asubuhi. Jembe ukilifanyia hivyo linakuwa la kuaminika, na baba wa baba zetu walifanya hivyo.

Mkufunzi alirudi Ijumaa, siku nane kabla ya kupeleka. Alizikuta zimepangwa. Zilikuwa na rangi nzuri, kimanjano, nyingine zambarau kama shingo ya njiwa. Mkono wake ukasubiri, kisha haukwenda. Hakuishika hata moja.

"Zimekufa hizi," akasema.

"Mkufunzi, zimenyooka."

"Maiti nayo imenyooka. Tupa, Tajiri."

Nikamwambia tutaona. Jumatatu akanirudia, safari hii tukiwa wawili tu, akafunga mlango. "Chini ya boti wanaingia watu. Nakuomba." Nikamwambia nondo nyingine sina, ndege nyingine haijafa, na injinia akikosa pini Jumamosi ataagiza Nairobi. Nikamwambia pia neno ambalo leo ningelipunguza: kwamba karakana hii ina mwenyewe, na mwenyewe hakuanza kula hapa kwa kusimama kwenye uzio wa watu.

Akafungua mlango akatoka. Kesho yake alikuja kama kawaida. Chai saa nne. Vijana wakakereza zile pini, mimi mwenyewe nikashika msasa nikaondoa zile rangi mpaka zikawa nyeupe kama sahani. Mkufunzi hakusema tena lolote. Alizipima unene moja moja akaandika kwenye daftari, vipimo sahihi. Nikajisemea, mzee amekubali, njaa ni mwalimu mkubwa kuliko yeye.

Jumamosi alisaidia kupakia. Mzee yule, na koti lake jeupe, alizibeba pini zangu kwa mikono yake akazihesabu kwa sauti mpaka arobaini. Akanywa chai. Akaomba kunisindikiza kiwandani, na mimi nikafurahi, nikampisha kiti cha mbele.

Injinia alitupokea uani, na wafanyakazi wake kama kumi hivi. Nikaanza maneno yangu, na maneno ninayo. Mkufunzi akaenda kwenye gunia, akachukua pini moja, akailaza juu ya vyuma viwili, akaazima nyundo kubwa. Nikadhani anataka kuonyesha uimara wetu. Nilitabasamu! Hiyo ndiyo picha inayonirudia, mimi nikitabasamu.

Akapiga mara moja. Ikakatika kama muwa.

Ndani ilikuwa inameta chembechembe. Akaomba moja ya zile za majaribio, akailaza pale pale, akapiga, mara mbili, mara tatu. Ikainama kidogo tu. Akamwambia injinia, kwa Kiswahili, ili na wale wa chini ya boti wasikie: "Zote arobaini zimechomwa. Msipokee."

"Wewe si mfanyakazi wake?" injinia akauliza.

"Ndimi."

Injinia akanigeukia. "Bwana, pakia vitu vyako."

Nyuma yangu mtu mmoja mwenye mkwaruzo wa rangi ya boti mashavuni akasema polepole, "Tungelala chini ya hizo," na mwingine akacheka kicheko kibaya. Nilipakia mwenyewe, gunia begani, na Mkufunzi akabaki amesimama uani. Hatukurudi pamoja. Hakuja tena Igogo. Kiti chake nilikitoa nje mvua ikakimaliza.

Ndani ya mwezi Mwanza nzima ilijua. Wateja wa viwandani wote wakapotea. Na mimi, kwa hasira, nikafanya nilichofanya. Zile thelathini na tisa sikuzitupa. Nilipeleka ng'ambo ya kivuko cha Kigongo, ambako habari haikuvuka: Busisi, mpaka vijiji vya mbele, kwa wenye boti wanaovuta vyombo nchi kavu kwa roda na cheni. Nikauza kumi na tisa. Ishirini zilizobaki zikakosa soko zikakaa chini ya meza. Nilijipa moyo kwamba boti za kule ni ndogo. Na nililala, sitaki kudanganya, nililala vizuri.

Miaka mitatu ikapita. Nikajijenga upya kwa milango na mageti, maana mimi huwezi kunizika. Siku moja nilikwenda Buswelu kutazama kiwanja, na dalali akaniambia nyumba ile ya bati jipya ni ya mzee mmoja aliyekuwa anafundisha vyuma. Miguu ikaenda yenyewe. Nilikuwa na swali.

Mama alinifungulia, akanikaribisha kwa heshima kama mtu wa serikali. Mzee alikuwa ameketi barazani, koti hana, sweta tu. Macho yalikuwa yameingia ukungu.

"Shikamoo, Mkufunzi."

"Marahaba. Tajiri, umenenepa."

"Kumbe unaona?"

"Sioni. Kiti kimelia."

Chai ikaja. Ya kwake haina sukari, ya kwangu vijiko vitatu, mzee alikumbuka. Tukaongelea mvua. Kisha nikashindwa.

"Kwa nini ulinisaidia kupakia?" nikamuuliza. "Kuvunja, sawa. Lakini ulihesabu mpaka arobaini. Ulikaa kiti cha mbele. Ungenigomea pale pale Igogo, tukagombana wawili, yakaisha."

"Ningekugomea, ungezipeleka kwa watu nisiowajua. Nilikuwa nakufahamu. Pale kiwandani nilikuwa na nyundo na mashahidi."

"Ulinisaliti, mzee."

"Ndiyo," akasema, haraka kuliko nilivyotaka. "Ulinilisha. Ulinitunzia siri kwa mke wangu. Nikakusaliti. Sijawahi kuliita jina jingine." Akaweka kikombe chini, mkono ukatafuta meza kwanza. "Thelathini na tisa ziko wapi?"

"Nilizitupa."

"Wapi?"

"Ziwani."

"Tajiri, wewe hata msumari uliopinda unaunyoosha. Uliuza ngapi?"

Ningeweza kudanganya. Haoni. Lakini alikuwa ameinamisha kichwa upande, vile alivyosimama siku ile nje ya uzio akisikiliza mashine.

"Kumi na tisa."

"Kuna aliyekufa?"

"Sijasikia."

"Hujasikia, au hujauliza?"

Niliondoka chai haijaisha. Nilimuaga mama vizuri, yeye sikumuaga. Njia nzima nilikuwa nagombana naye peke yangu ndani ya pikapu: kipofu, msaliti, ananiuliza mimi maswali! Nikafika Igogo, nikazitoa zile ishirini chini ya meza nikazikata vipande. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye foleni ya kivuko Kigongo.

Kuuza ni rahisi. Jaribu kununua tena kitu ulichomuuzia mtu. Anajua hapo hapo kwamba kina dhahabu ndani. "Mbona unazitaka, Bosi?" Ukweli nisingeweza kuutoa mdomoni, nikasema nakusanya kwa ajili ya Wazungu, na bei ikapanda mbele ya macho yangu. Kumi za kwanza walinipa kwa elfu kumi kumi. Habari ikatangulia, nane zilizofuata wakataka elfu kumi na tano kila moja. Na kila nilipotoa moja niliacha pini ya chuma cha kawaida mahali pake.

Ya kumi na tisa ilikuwa Busisi. Mwenye boti, mtu mtaratibu, akaingia ndani akanitolea vipande viwili mkononi.

"Hii ilikatika mwezi wa tatu," akasema. "Boti ikashuka yenyewe, ikapasuka ubao wa chini. Nilikuwa nimetoka kujisaidia, Bosi. Ndipo nilipokuwa nimelala, pale."

Akanionyesha. Palikuwa mchanga tu, na ndala moja.

Nikamlipia ubao na fundi, elfu sitini, akanishukuru mpaka nikaona aibu, akataka kunipa samaki.

Buswelu sikurudi kumweleza. Alinisaliti, mwenyewe amekiri, na msaliti hapelekewi taarifa. Nilimsamehe? Sijamsamehe, na msiniulize tena. Ila mimi ni mtu wa hesabu, na gharama ya swali lake nimeihesabu mara nyingi: pini zote kumi na tisa, ubao wa Busisi, pini za chuma nilizoacha, mafuta ya pikapu na nauli ya kivuko, ni shilingi laki tatu, sitini na saba elfu na mia tano.